Mwongozo kamili: kumshonea mtoto mdoli anayefanana naye, na kumkabidhi ili ampende

Picha ninazoletewa na wazazi zinafanana. Kitambaa cheusi tii cha suti, midomo myekundu kama pilipili, macho yamepanda hadi kwenye paji la uso, shingo imelalia bega. Mama kajitahidi, pengine kakesha. Mtoto kamwangalia mdoli mara moja, kisha karudi kwa yule wa plastiki mwenye nywele za dhahabu. Hapo mama anahitimisha kwamba mwanawe "hapendi weusi".

Mara nyingi si kweli. Mtoto amekataa mdoli aliyeshonwa vibaya, na ana haki.

Mwongozo huu una nusu mbili, na watu huanguka katika zote. Ya kwanza ni kushona. Ya pili ni namna ya kumkabidhi mtoto mdoli huyo, na maneno yanayosemwa nyumbani baada ya hapo. Ukifanya ya kwanza bila ya pili, umetengeneza pambo la kabati.

## Vifaa

Kusanya vyote kabla hujakata chochote:

- Nusu mita ya kitambaa cha pamba cha rangi ya kahawia, kilichofumwa kwa kubana, mfano khaki nyepesi. Usikinunue kabla ya kusoma hatua ya 1.
- Kipande cha kitambaa chepesi cha rangi inayokaribiana, kwa bitana ya kichwa.
- Robo kilo hivi ya pamba ya kujazia mito.
- Nyuzi za kudarizi: kahawia iliyokoza sana, nyeupe, moja iliyokoza kidogo kuliko kitambaa cha ngozi, na moja ya kahawia yenye wekundu kwa ajili ya midomo.
- Uzi wa kawaida wa rangi ya kitambaa, na uzi mnene wa kuungia mikono na miguu.
- Taulo jeusi lililochakaa, au uzi mweusi wa kufumia masweta.
- Fremu ya kudarizia, sindano fupi na ndefu, pini, chaki ya fundi, mkasi, karatasi ngumu.
- Nguo ya mtoto iliyokwisha kumbana.

Cherehani si lazima. Mshono wa mkono uliobanwa vizuri unadumu vilevile.

Kuhusu sufi: inajaza vizuri na inapatikana, lakini inapeperuka, inashika moto haraka, na ikifuliwa inashikana mabonge. Kama mtoto bado anakojoa kitandani au ananyonya vitu, tumia ile pamba ya viwandani ya mito.

## Hatua ya 1: Pima rangi kwenye mkono wa mtoto

Nenda dukani na mtoto mwenyewe. Ukiwa Mtaa wa Uhuru pale Kariakoo au Biashara Street ya Mombasa, usiamini taa za ndani ya duka. Mwombe muuzaji asogeze jora mlangoni, kisha laza kitambaa juu ya mkono wa mtoto, upande wa nje.

Fanya uwe mchezo: "Tutafute kitambaa kinachojificha mkononi." Kile kinachokaribia kupotea ndicho chenu. Mtoto akishiriki kukitafuta, mdoli anaanza kuwa wake kabla hajazaliwa.

Cheusi kabisa kiache. Hata mtoto mweusi tii, ukimweka karibu na kitambaa cheusi utaona ngozi yake ina kahawia na wekundu ndani yake. Tena juu ya kitambaa cheusi macho hayaonekani, na fundi asiyeona macho hukimbilia nyeupe na nyekundu kali. Ndipo inapozaliwa ile sura ya kikaragosi ambayo Wazungu waliwahi kutuchorea kwa kejeli.

Kuna wanaonunua kitambaa cheupe cha marekani na kukichovya kwenye chai ya rangi. Kinatoa kahawia hafifu tu, tena kinapauka juani. Kama mtoto wako ni maji ya kunde au zaidi, nunua kitambaa kilichokwisha tiwa rangi.

Kabla ya kukata, kifue kwa maji ya vuguvugu na sabuni hadi maji yatoke safi. Kitambaa kisinyae sasa, kisisinyae mdoli akishashonwa. Kikikauka, kisugue na kitambaa cheupe kilicholowa. Kikiacha rangi, kitafutie kazi nyingine, maana hiki kitaingia mdomoni mwa mtoto.

Umefaulu ikiwa: mtu mwingine ndani ya nyumba anaona kitambaa na kutaja jina la mtoto bila kuulizwa.

## Hatua ya 2: Chora kielelezo

Vipimo hivi vinatoa mdoli wa sentimita 45 hivi, na vimeshaingiza sentimita 1 ya mshono:

- Kichwa: upana 12, urefu 13.
- Shingo: upana 7, urefu 2.
- Kiwiliwili: upana 13, urefu 15.
- Mkono: upana 6, urefu 16.
- Mguu: upana 7, urefu 19.

Kichwa, shingo na kiwiliwili ni kipande kimoja, mbele na nyuma. Kunja karatasi katikati na uchore nusu tu, ili pande zote mbili zilingane. Kichwa kipe mashavu: kiwe kipana chini kidogo kuliko juu. Kichwa cha yai jembamba kinatoa sura ya mtu mzima.

Shingo ya sentimita 7 itaonekana nene mno kwenye karatasi. Usiipunguze. Kitambaa bapa kikijazwa na kuwa mviringo, hupoteza zaidi ya theluthi ya upana wake. Shingo nyingi zinazoanguka zilipunguzwa hapa.

Chora vipande vyote kwenye kitambaa kwa chaki. Mikono na miguu kata. Kipande cha mbele chenye uso usikikate bado.

## Hatua ya 3: Darizi uso kwanza

Weka bitana nyuma ya eneo la kichwa, bana vyote kwenye fremu. Bitana inazuia pamba nyeupe kuonekana kupitia kitambaa, na inashika mishono isivute. Tunadarizi kabla ya kukata kwa sababu kitambaa hujikunja kidogo kadiri unavyodarizi. Ukikata kwanza, uso utapinda.

Macho. Gawa urefu wa kichwa kwa nusu. Macho yakae chini kidogo ya mstari huo. Ukimtazama mtoto wa miaka 4 vizuri utaona paji la uso limechukua sehemu kubwa ya kichwa. Macho yakiwekwa juu, mdoli anazeeka au anatisha, na hii ndiyo sababu ya kwanza ya watoto kukataa. Kati ya jicho na jicho acha nafasi ya jicho moja. Jaza kwa uzi wa kahawia iliyokoza, halafu piga nukta moja nyeupe juu upande wa kulia wa kila jicho. Nukta hizo zikae upande mmoja. Ukizielekeza kila moja kwake, mdoli anakuwa kengeza.

Pua. Mistari miwili mifupi iliyopinda, kwa uzi uliokoza kidogo kuliko ngozi. Iachanishe kwa upana wa pua ya mtoto wako, usiibane kwa kudhani ndiyo itapendeza. Wengi hufanya hivyo bila kujua, kisha wanashangaa mdoli hafanani na mtu wa kwao.

Midomo. Tumia ile kahawia yenye wekundu. Kama una nyuzi mbili zinazokaribiana, iliyokoza iende juu na hafifu iende chini. Midomo iwe minene kama ilivyo, bila kuvuka upana wa katikati ya jicho hili hadi katikati ya jicho lile.

Angalia pia alama zake. Kishimo cha shavu, mwanya, kidoa cha kuzaliwa, miwani: mishono michache tu, na mtoto huitafuta kwanza kuliko kitu kingine chochote. Niliwahi kumwona msichana mdogo akipitisha kidole juu ya kovu dogo la nyusi lililodariziwa kwa mshono mmoja wa uzi hafifu, kisha akagusa la kwake, akarudi kwa mdoli. Gauni alikuja kuliona baadaye.

Umefaulu ikiwa: ukiusimamisha uso mbali kwa hatua tano unaona mtoto, si mama wa harusi.

## Hatua ya 4: Unga vipande

Sasa kata kipande cha uso. Kilaze juu ya kipande cha nyuma, pande nzuri zikitazamana, piga bandi (mishono mirefu ya muda), kisha shona kuzunguka na kuacha chini kote wazi. Kwa mkono, tumia mshono wa kurudi nyuma, kila hatua isizidi milimita 2. Shingoni shona mara mbili.

Kwenye mikunjo ya shingo na mashavu, kata mikato midogo kuelekea mshono bila kuugusa. Usipofanya hivyo, kitambaa hakitanyooka ukikigeuza, na shingo itakuwa na makunyanzi.

Shona mikono na miguu, acha juu wazi, geuza vyote.

## Hatua ya 5: Jaza, na uipe shingo mfupa

Anza na kichwa. Tumia vipande vidogo vya pamba, ukivisukuma kwa mpini wa mwiko hadi kwenye mashavu. Pamba ikitiwa kwa bonge moja kubwa inaacha mabonde.

Kichwa kikishakuwa kigumu, viringisha ukanda wa kitambaa mpaka uwe na unene wa sentimita 3 na urefu wa 10, ushone usifunguke. Usukume nusu uingie kichwani, nusu ibaki kifuani, kisha jaza kuuzunguka. Usitumie kijiti wala waya. Nimesikia kila utetezi wa waya, na bado nasema hapana, kwa sababu siku moja waya utatoboa kitambaa na mtoto atakuwa amemlalia.

Kiwiliwili kijaze kwa kiasi. Mikono na miguu jaza na kuacha sentimita 2 za juu tupu, ili ikunjike. Miguu isiyokunjika inamzuia mtoto kumkalisha mdoli, na zaidi ya hapo inamzuia kumbeba mgongoni kwa kanga, mchezo ambao ndio utakaochukua nusu ya maisha ya mdoli huyu.

Ingiza miguu chini ya kiwiliwili na ufunge. Mikono iunge mabegani kwa uzi mnene, ukizunguka mara tatu.

Umefaulu ikiwa: ukimshika kiunoni na kumtikisa, kichwa kinabaki juu.

## Hatua ya 6: Nywele

Hapa ndipo nisipotaka uharakishe, kwa sababu nywele ndizo zinazochezewa kuliko kitu chochote, na ndizo zinazobeba maneno mengi ya watu wazima.

Swali la kwanza: mtoto wako ana nywele gani *leo*? Wanafunzi wengi wa shule za msingi za serikali Tanzania, wasichana kwa wavulana, wananyolewa. Unamshonea binti aliyenyolewa mdoli mwenye rasta hadi kiunoni, kisha unashangaa haoni kufanana. Mpe wa kichwa chake.

Nywele fupi. Kata kofia ya taulo jeusi yenye umbo la kichwa, yale manyoya ya taulo yakiwa nje, na uishone kuzunguka mstari wa nywele. Taulo lina vitanzi vilivyojikunja, na ukiligusa unasikia kipilipili chenyewe. Ni njia rahisi kuliko zote na inafuliwa. Mstari wa nywele usiwe duara kamili: ushushe kidogo mbele ya masikio.

Afro na mabutu. Ongeza vipira vya uzi wa masweta juu ya ile kofia ya taulo. Vishone kwa uzi mnene ukipita hadi kwenye kitambaa cha kichwa, maana vikishikwa na taulo peke yake vitang'oka.

Nywele za kusuka. Gawa kichwa kwa chaki katika mistari, kama unavyogawa kabla ya twende kilioni. Kata nyuzi za sentimita 30, shona kila kifungu katikati yake kufuata mistari, mshono wa kurudi nyuma, ukirudia mara mbili. Usibandike kwa gundi. Gundi inakuwa ngumu, inakwaruza, na nywele zinatoka kwa mkupuo siku ya kwanza ya kusukwa.

Acha nywele nyingi kuliko unavyodhani zinatosha, na usizisuke zote. Acha upande mmoja wazi. Mtoto anayesukwa kila wiki amekaa chini kati ya magoti ya shangazi, akiambiwa atulie, anahitaji mahali ambapo yeye ndiye msusi.

Umefaulu ikiwa: unaweza kumning'iniza mdoli kwa kifungu kimoja cha nywele na hakitoki.

## Hatua ya 7: Nguo

Kata ile nguo iliyombana mtoto. Anaitambua, na harufu ya nyumbani iko humo. Tengeneza nguo zenye mwanya mpana wa kuvalia na zifungwe kwa vitufe vya kushikiza au utepe mfupi. Sare ya shule, kanzu na kofia, gauni la Idi au la Krismasi, jezi ya timu: chochote anachovaa mwenyewe.

Na wavulana? Washonee. Mvulana anayemlisha na kumlaza mdoli hapotezi kitu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff mwaka 2020 walichunguza ubongo wa watoto 33 wa miaka 4 hadi 8, na wakaona kwamba kucheza na wanasesere, hata mtoto akiwa peke yake, kunaamsha eneo linalohusika na kuwafikiria wengine, kwa wavulana kama kwa wasichana. Utafiti huo ulilipiwa na Mattel, wenye Barbie, kwa hiyo wana maslahi yao. Ila nani asiyemwona mtoto akibembeleza?

## Hatua ya 8: Ukaguzi wa usalama

- Mtoto wa chini ya miaka 3 hapewi mdoli mwenye vifungo, shanga au macho ya kubandika. Chochote kinachopita ndani ya bomba la karatasi ya chooni kinaweza kumkaba.
- Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asilale na mdoli yeyote kitandani. Mchana mbele yako, sawa.
- Utepe wowote shingoni uondoe.
- Vuta kila kiungo kwa nguvu zako, si za mtoto.
- Pitisha kiganja mwili mzima kutafuta pini. Hesabu pini ulizoanza nazo.

## Hatua ya 9: Mkabidhi bila hotuba

Usimpe ukisema, "Nimekuletea mweusi mwenzako ujue weusi ni mzuri." Umemwambia kwamba kuna mjadala, na kwamba pengine kuna wanaosema sio mzuri. Mwambie tu, "Huyu hana jina bado." Mwachie kazi hiyo.

Wa plastiki usimtupe. Ukimnyang'anya, umemfanya kuwa kitu cha thamani kilichokatazwa. Waache wakae pamoja.

Tena usimhoji. Kenneth na Mamie Clark, wanasaikolojia Weusi wa Marekani, mwaka 1947 walichapisha matokeo ya watoto Weusi 253 wa miaka 3 hadi 7 waliowekewa wanasesere wa aina moja, tofauti ikiwa rangi tu. Yupi mzuri? Yupi mbaya? Wengi walimpendelea mweupe. Kisha wakaombwa watoe anayefanana nao, na baadhi yao walilia. Maswali yale yalitungwa kupima, na matokeo ya aina hiyo yalifika Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Brown ya 1954, iliyopiga marufuku kuwatenga wanafunzi Weusi na Weupe katika shule za umma. Ukiyarudia sebuleni kwako mbele ya wageni, unampa mtoto mtihani asioweza kuushinda.

Akisema mwenyewe, "Huyu mbaya, mweusi," usimgombeze na usicheke. Uliza kwa sauti ya kawaida, "Nani alisema hivyo?" Watoto hutaja majina. Mara nyingi ni mtu anayekula nanyi mezani.

Walio Ulaya au Marekani, ambako mtoto anaweza kuwa mweusi peke yake darasani, washone wawili au watatu wa kahawia tofauti: mmoja kama yeye, mmoja kama mama, mmoja kama binamu. Mdoli mmoja mweusi katikati ya weupe kumi anarudia hali ileile ya shuleni.

## Hatua ya 10: Sikiliza mchezo, kisha rekebisha nyumba

Keti karibu ukichambua mchele, usimwangalie. Sikiliza anachomwambia mdoli wakati wa kumchana.

"Tulia! Nywele zenyewe ngumu hizi, utanivunjia kitana."

Hiyo ni sauti yako, au ya dada wa saluni. Mtoto hajaibuni. Mdoli amekuonyesha kitu ambacho usingekiona kwa njia nyingine, na sasa una kazi ya kufanya ambayo haishonwi kwa sindano: acha kusema "nywele mbaya", acha "usicheze juani utakuwa mweusi", acha kumsifia mtoto wa jirani kwa weupe wake mbele ya wa kwako. Na kama kuna mkorogo bafuni, jua kwamba mtoto anaujua ulipo.

Wakati wa kumsuka, msuke na mdoli wake akiwa mapajani mwake. Anza kwa kulowesha na kupaka mafuta, chana kutoka nchani kuelekea mizizi. Siku mbili tatu baadaye utamsikia akimwambia mdoli, "Naanzia mwishoni isikuume, eeh?"

Umefaulu ikiwa: mdoli ana jina, anaumwa malaria, anakwenda shule, anachapwa na kubembelezwa, na amechakaa. Usitazamie mtoto atangaze kwamba anajipenda. Mdoli safi aliyekaa rafuni kwa miezi mitatu ndiye wa kukutia wasiwasi. Rudi kwenye uso na nywele, maana tatizo mara nyingi liko hapo.

## Kufua na kutengeneza

Mfue kwa mkono, maji baridi, sabuni kidogo, bila kumloweka. Mkamue ndani ya taulo kavu, umwanike kivulini akiwa amelala. Ukimning'iniza kwa kichwa, pamba yote itashukia miguuni. Hakikisha amekauka hadi ndani, ukimbana katikati na kunusa. Pamba yenye unyevu inaota ukungu.

Mkono ukitoka, ushone mbele ya mtoto, na umpe yeye kazi ya kumshika mdoli "asiogope sindano". Uzi wa nywele ukipungua, ongeza kufuata mistari ileile ya zamani. Na mtoto akinyolewa kwa ajili ya shule, muulize kama na mdoli anyolewe: fumua nyuzi, mvishe kofia ya taulo. Weka nyuzi zile kwenye mfuko, maana likizo ikifika atazidai.